Mvi za Baba Mkwe

4 Machi

Leo mke wangu ameniamkia shikamoo.

Nilikuwa nimempelekea uji kitandani. Akavuta mtandio, akajifunika kichwa, akashusha macho. "Shikamoo, baba." Nikacheka. Enzi zake alikuwa hashindwi kwa utani, na huu ugonjwa wa kusahau siku mojamoja humrudishia. Lakini hakuwa akitania. Alipokea bakuli kwa mikono miwili, akaliweka kando, akangoja nitoke ndipo ale.

Sikuitikia. Mtu anamwitikiaje mkewe marahaba?

5 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kaniamkia tena.

7 Machi

Nimeelewa. Nilikuwa nanawa uso, nikainua macho kwenye kioo cha bafuni, nikamwona marehemu baba. Paji la uso lile lile, na mvi zile zile zilizoanzia mbele kama mtu aliyemwagikiwa unga. Mke wangu amerudi nyuma mpaka miaka ile alipoolewa, tukikaa kwa wazazi wangu, na huko aliko mimi ni kijana mwenye nywele nyeusi tii. Mwenye mvi ndani ya nyumba ile alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo mimi ni baba mkwe wake.

Ningecheka hadi mbavu ziume kama jambo lenyewe lisingekuwa na upande wa pili. Mke wa mtu hali mbele ya baba mkwe wake. Sembuse kuvua nguo. Na anayemwogesha ni mimi.

10 Machi

Hajaoga tangu Alhamisi. Leo nilichemsha maji, nikamshika mkono hadi bafuni kama kawaida yetu. Nilipogusa kifungo cha gauni akaibana shingo ya gauni kwa mikono yote miwili.

"Baba, nakuomba. Baba, hapana."

"Mimi ni mumeo," nikamwambia. "Ni Fundi wako, mchora mabango. Nimezaa nawe."

Akalia. Nilimwogesha hivyo hivyo, analia, kwa kuwa alikuwa amejichafua na sikuona njia nyingine. Nilipomaliza kumvika alijibanza pembeni ya ukuta, macho kayafumba, kama mtoto anayedhani asipoona haonekani.

Binti yetu akapiga simu jioni. "Baba, mama anaoga?"

"Anaoga."

12 Machi

Fundi cherehani, huyu jirani tunayepakana naye ukuta, amekuja kumwogesha. Kwake hakuna taabu, ni mwanamke mwenzake. Niliwasikia wakipiga soga kwenye maji kama wasichana.

"Lakini sitaweza kila siku, mzee wangu," aliniambia akijifuta mikono. "Nina sare za shule nzima zinanisubiri mezani. Mpigie mwanao aje amchukue."

Mdomo wa huyu mama unakata kuliko mkasi wake. Nikamjibu kwamba mke wangu si mzigo wa kuchukuliwa.

"Nani kasema mzigo? Nimesema anaona haya."

Nilimfungia mlango kwa nguvu kidogo. Kesho nitamwomba radhi, au kesho kutwa.

13 Machi

Binti kapiga tena. Barabara ya kutoka kwao imekatika, gari halipiti. Mvua zikipungua tu anakuja kumchukua mama yake, akae kwake. Hakuniuliza, kaniarifu. Mtoto unamlea mwenyewe, unamfundisha kufunga kamba za viatu, halafu siku moja anakuja kukulea kwa lazima.

Nimemwambia mama yake haendi popote. Kasema, "Tutaona, Baba." Hiyo "tutaona" kaichukua kwangu.

16 Machi

Leo kumetokea jambo.

Nilikwenda kupigilia bango la duka la vipuri. Kazi kama hizi siku hizi ni za kuokoteza, kila mtu anachapisha bango lake kwenye mashine, herufi hazina roho. Wakati wa kurudi mvua ikanikuta njiani, nikajivika kichwani mfuko mweusi wa nailoni, nikaingia ndani nikichuruzika maji.

Mke wangu akainua macho. "Fundi," akasema. "Umechelewa. Nilishaanza kuingiwa na wasiwasi."

Hajaniita Fundi tangu mwaka jana. Niliketi kando yake. Akanishika mkono, akaulizia kazi, akasema mvua hii itaozesha nguo kambani. Maji yalikuwa yakinitiririka shingoni hadi kwenye kiuno, nami sithubutu kujikuna. Nikamshukuru Mungu moyoni, nikajisahau, nikavua mfuko.

Akavuta mtandio. "Shikamoo, baba."

18 Machi

Nimejaribu kofia nyeusi ya sufu. "Fundi, vua kofia ndani ya nyumba, hukulelewa?" Nikavua. Tukarudi kule kule.

20 Machi

Maisha yangu yote nimepaka rangi vitu vya watu: milango, maduka, magari, hata jeneza moja. Leo zamu yangu.

Nimenunua piko, ule unga mweusi wanaopaka wazee wanaotafuta mke mdogo. Muuzaji, kabinti kenye meno yaliyoachana, kaniuliza, "Babu, harusi lini?" Nikamwambia Jumamosi, na asikose.

Pakiti imeandikwa upake kidogo nyuma ya sikio, ungoje hadi siku ya pili uone kama ngozi inakubali. Mimi nifanyiwe jaribio la rangi? Rangi nazijua kwa harufu. Nikakoroga kwenye kikombe cha kazini, nzito kuliko walivyosema, maana rangi nyepesi haifuniki nyeupe, hilo hata mwanafunzi anajua. Nikatumia brashi yangu nyembamba ya kuchora kingo za herufi. Nilipita kwenye paji la uso, kwenye masikio, kwenye sharubu, mstari umenyooka kama wa bango la benki. Nikaacha ikauke. Nikapaka tabaka la pili.

Kwenye kioo alikuwepo kijana mmoja mwenye uso uliokunjamana. Nilimsalimia.

21 Machi

Aliniona nikiingia na maji ya kuoga, akatabasamu. "Umenyoa? Umependeza."

Akanyoosha mikono juu mwenyewe nimvue gauni. Nilimwogesha taratibu, kila mahali, nikamkausha vidole vya miguu kimoja kimoja. Alikula mbele yangu, akanimegea. Nina furaha ambayo kwa umri wangu ni aibu kuiandika.

24 Machi

Ameoga, amekula. Mvua.

25 Machi

Ameoga, amekula. Kanikaripia kwa kuchelewa kurudi, na siku nzima sikutoka.

28 Machi

Sijui kama niliandike hili. Naliandika.

Nilikuwa namsugua mgongo. Akasema polepole, "Fundi, nikikwambia kitu hutakasirika?"

"Sikasiriki."

"Baba yako alinivua nguo."

Sabuni ilinitoka mkononi.

"Wewe hukuwepo. Nilimwomba aniache, hakusikia. Sikupiga kelele. Ni baba yako, nani angeniamini? Usimwambie mama yako, atakufa kwa aibu. Ila usiniache naye tena peke yangu."

Marehemu baba yangu alikuwa anakohoa nje ya mlango kabla ya kuingia ukumbini, ili mke wa mwanawe apate kujitengeneza. Katika maisha yake yote hajawahi kumtazama usoni muda mrefu. Nami nimemchafua ndani ya kaburi lake. Na huyu bibi, ambaye sijawahi kumnyanyulia hata kidole, kwa siku hizi zote alikuwa akiishi na jambo hilo kifuani na hana wa kumwambia.

Ningemwambia nini? Kwamba ni mimi? Ndiyo ingekuwa nafuu?

Nilimwambia hatarudi. "Niapie," akasema. Nikamwapia, huku nimepiga magoti kwenye maji ya sabuni. Yule mzee hatamwona tena.

2 Aprili

Mvi zimeanza kuchungulia shinani. Nimepaka tena, matabaka mawili.

3 Aprili

Kichwa kinawasha. Ni joto.

5 Aprili

Si joto. Nimepaka mafuta ya nazi. Ameoga, amekula.

9 Aprili

Nimeanza kumwonea wivu huyu kijana. Anapewa kila kitu: mkono, cheko, tonge. Leo amemwekea kichwa begani, akasinzia. Mimi niliyebadilisha shuka asubuhi, niliyesaga dawa zake kwenye kijiko, ninaitwa nani? Hata kwa jina la kusingiziwa sitakiwi kuonekana. Nilikaa pale nikiwa mpenzi wa mke wangu na mgoni wangu mwenyewe, nikaogopa kutikisika asije akaamka.

Mvua kubwa mno. Paa la chumba cha kazi linavuja juu ya makopo.

14 Aprili

Nimepaka tena. Naona sasa nywele zinaota haraka kwa makusudi.

15 Aprili

Masikio yamevimba, nyuma yake ngozi inatoa majimaji. Fundi cherehani alikuja na chupi za mke wangu alizozitia mpira mpya, akanitazama, akanisogeza mlangoni penye mwanga bila kuniomba ruhusa.

"Kichwa chako kinavuja, mzee."

"Ni vipele."

"Vipele gani vinafuata mstari wa brashi?" Basi akaniminya hadi nikasema yote, isipokuwa lile la tarehe ishirini na nane. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alikaa kwenye kopo la rangi, akavunja vidole.

"Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake," akasema. "Wewe zako umeziunguza. Acha hiyo dawa, inakula nyama."

"Nikiacha hataoga."

"Nitakuja mimi, asubuhi moja moja."

"Na asubuhi nyingine? Na akijichafua mchana?"

Akainuka kwenye kopo. Kabla ya kuondoka aliingia kumwona mke wangu, na nilimsikia akisema, "Mumeo anakupenda, wewe mwanamke, unajua?" Naye akajibu, "Najua, ila baba yake namwogopa." Fundi cherehani alitoka bila kuniaga. Nadhani alielewa. Nilikosea kumfungia mlango siku ile.

16 Aprili

Mvua.

17 Aprili

Mvua. Ameoga.

20 Aprili

Jirani kampigia binti yangu na kumweleza. Nilitaka kukasirika, nikakosa nguvu.

"Baba, ni kweli unajipaka sumu?"

"Ni rangi ya nywele. Nusu ya dunia inajipaka."

"Nusu ya dunia haivuji masikio. Baba, sikiliza. Akija kwangu nitamwogesha mimi. Hatakuwa na haya na mimi."

"Hatakujua."

"Asinijue. Na wewe sasa hivi anakujua?"

Nilikata simu. Baadaye nikakumbuka kwamba sauti yake ilikuwa ikitetemeka. Nilikuwa nimemhesabu kama mtu anayekuja kuninyang'anya, kumbe ni mtoto anayeogopa kuzika wawili. Sikumpigia. Ukaidi huu ndio nilioupata kwa baba, pamoja na mvi.

27 Aprili

Ngozi inababuka. Nimejizuia kupaka. Pembeni, juu ya masikio, pameanza kuwa peupe.

29 Aprili

Asubuhi nilipoingia na maji alinitazama usoni, kisha akanitazama hapa pembeni. Mkono wake ulianza kuutafuta mtandio. Haukuupata, ulikuwa umeanguka chini ya kitanda, akaanza kuvuta shuka. Nikatoka kinyumenyume na beseni langu.

Nimekoroga piko. Nitapaka kidogo tu, penye mvi peke yake.

6 Mei

Niliyoyasahau nimesimuliwa na fundi cherehani. Kwamba macho yalivimba yakafumba kabisa, uso ukawa hauna pua. Kwamba alinikuta sebuleni napapasa ukuta, pumzi inapiga mluzi, nikimwambia mtu asiyekuwepo aondoke. Kwamba alisimamisha pikipiki ya mizigo, akanilaza juu ya magunia ya mkaa, na mvua inanyesha.

Hospitali walininyoa kipara ili wapate kutibu ngozi. Daktari ni kijana, sauti yake ya upole.

"Mwili wako umeshaikataa hii dawa, mzee. Kila ukipaka inazidi. Safari hii yalivimba macho. Ijayo itakuwa koo, na unaweza usifike hapa." Akatikisa kichwa. "Uzuri wa nini, kwa umri huu?"

Nilimwambia nilitaka kuoa. Wauguzi walicheka sana, na mimi nikacheka kwa upande wa mdomo uliokuwa unasogea.

7 Mei

Nimerudi nyumbani. Fundi cherehani ndiye aliyekuwa akilala na mke wangu muda wote huu. Sare za shule zimelala mezani kwake, na mwalimu mkuu amekwisha kuja kumfokea.

Nilisimama mlangoni mwa chumba. Kipara, uso wenye magamba, macho mekundu. Hakuvuta mtandio wala hakuniita Fundi. Alipiga kelele za mwizi hadi watu wa nyumba ya tatu wakatoka.

Nalala chumba cha kazi, kati ya makopo.

9 Mei

Namsikiliza kupitia ukutani. Anamuuliza fundi cherehani mumewe yuko wapi. "Yuko kazini." Baada ya muda mfupi anauliza tena. Yule mama anajibu tena, sauti ile ile, wala hachoki. Mimi nilikuwa nachoka.

11 Mei

Nimejipapasa kichwa. Zinaota. Kwa kidole ni kama msasa, na kwenye kioo ni nyeupe zote, hakuna hata moja nyeusi.

Nimekaa nalo siku nzima. Ngozi ikipona na nywele zikifika urefu wa ukucha, atakayeingia chumbani mle atakuwa ni baba mkwe. Ataishika shingo ya gauni kwa mikono miwili. Nami nilimwapia kwamba hatamwona tena. Kiapo hicho nilikitoa nikiwa kijana mwenye nywele nyeusi, lakini kinanifunga mimi.

Mvua leo imekuwa manyunyu tu.

12 Mei

Nimempigia binti.

"Barabara inapitika?"

"Inapitika tangu juzi. Baba, niliogopa kukwambia."

"Basi njoo. Njoo upesi, kabla hazijaota."

Hakuuliza ni nini kinachoota. Nilimsikia akilia, na kwa mara ya kwanza sikumwambia anyamaze. Nilimweleza vile mama yake anavyotaka maji, yasiwe ya moto sana, uanze na miguu. Nilimwambia asimnyang'anye mtandio hata akilala nao. Alikuwa akirudia kila nilichosema ili asisahau.

15 Mei

Jua. Barabarani matope yameanza kugeuka vumbi.

Binti alifika na gari la rafiki yake. Kanikumbatia, kanishika kipara kwa viganja vyote viwili. Amenenepa kidogo, na ana mvi mbili mbele, pale pale zilipoanzia zangu. Sikumwambia.

Alimwambia mama yake kwamba wanakwenda kumsalimia mama mzazi. Huyo mama mkwe wangu alikufa binti hajazaliwa. Mke wangu alifurahi, akataka gauni la bluu, akataka kupakwa mafuta miguuni. Fundi cherehani alimvika. Mimi nilivaa ile kofia ya sufu, nikakaa getini kwenye kiti, mbali, ili nisimtishe.

Alipofika getini alisimama. Alinitazama bila woga. Nadhani ni kwa sababu ya kiti.

"Wewe ndiye mlinzi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mume wangu bado hajarudi kazini. Akirudi mwambie nimekwenda kumsalimia mama. Mwambie sikai, nitarudi upesi."

"Nitamwambia."

"Fundi, fundi wa mabango. Utamjua, ana nywele nyingi." Akafikiri. "Chakula nimemfunikia mezani. Usije ukakila wewe."

"Sitakila."

Binti alikuwa amegeuka upande wa gari, mabega yanamtikisika. Mke wangu alimpapasa mgongo, akamwambia, "Usilie, dada, safari si ndefu." Wakaingia. Hakugeuka nyuma, kwa nini ageuke? Anakwenda kumwona mama yake na nyumbani kuna mlinzi.

Fundi cherehani alisimama nami mpaka gari likapotea kwenye kona. Akasema ana sare za kumaliza, nikamwambia nenda, na nikamwambia asante, nikaona haitoshi, nikairudia.

Niliingia ndani. Mke wangu hajapika mwaka wa pili sasa, sufuria nilizificha mwenyewe baada ya yeye kuunguza pazia. Lakini kweli mezani palikuwa na sahani imefunikwa kwa sahani nyingine, na kijiko kimelazwa kando, upande wangu wa kulia. Nikafunua. Ulikuwa mchele mbichi, wa mtu mmoja, pamoja na mawe yake.

Nimeuchambua, nikaupika, nikaula wote.